Mlenda Si Mboga ya Njaa

Kila mvua inapogoma Dodoma au Singida, habari zinazotoka huko huwa na sentensi moja isiyokosekana: hali ni mbaya, wananchi wameanza kula majani na matunda ya porini. Msomaji wa Dar es Salaam husikitika, kisha hugeuza ukurasa. Haulizi wameanza lini. Mwaka uliotangulia, mvua zilipotosha na uwele ukajaa ghalani, watu walewale walikuwa wanateremshia ugali kwa nini? Kwa mlenda. Na mlenda mwingi wa Ugogo hakuna aliyeupanda.

Rai iliyomo ndani ya sentensi ile ni ya siku nyingi na ina watetezi wenye heshima zao. Utaikuta kwa bwana shamba, kwa mtu wa mradi anayeandika ripoti, na hata kwa kijana wa kijijini aliyemaliza chuo na sasa anaona haya mama yake akimwandalia mgeni bakuli la mgagani. Inasema hivi: kuchuma porini ni kazi ya mtu aliyetupwa na shamba. Ni mabaki ya ujima, na yatakwisha yenyewe kadiri watu wanavyopata mbegu bora, mbolea na barabara. Kwa kuwa ni mabaki, hakuna haja ya kuyahesabu wala kuyalinda, na ardhi isiyotoa kitu kingine ila hayo ni ardhi iliyokaa bure, inamsubiri mwenye akili aje aitumie.

Naipinga yote. Nitaanza na mlenda kwa sababu ndiyo mboga inayodharauliwa kuliko zote na watu wasioijua.

Mlenda si mmea mmoja. Chini ya jina hilo kuna mimea kadhaa yenye utelezi, mingine jamaa ya ufuta, mingine ndugu wa ule utoao nyuzi za juti. Huota wenyewe, ndani ya shamba na pembeni mwake, kandokando ya njia za ng'ombe, kwenye ardhi iliyopumzishwa, majuma machache tu baada ya mvua za kwanza za Desemba. Tazama kalenda hiyo vizuri. Uwele na mtama uliopandwa kwa mvua hiyohiyo hauvunwi kabla ya Mei. Akiba ya mwaka uliopita iko chini au imekwisha, na jembe linataka nguvu kuliko mwezi mwingine wowote. Hapo katikati, mboga inakuja yenyewe mpaka miguuni. Mama anapalilia huku anachuma. Kinachong'olewa kuupa nafasi mtama ndicho kinachopikwa jioni. Hakuna safari ya kwenda porini wala saa ya ziada inayopotea. Wanaosema kuchuma mboga kunamla mwanamke muda wake wamwone kwanza anavyopalilia.

Kisha kuna kukausha. Majani yanayozidi huanikwa, hutwangwa, na unga wake huwekwa mpaka kiangazi. Mwezi wa Septemba, Ugogo ikiwa kavu na jani bichi halionekani, unga huo unaingia kwenye maji ya moto na magadi kidogo, na karanga za kusaga kama zipo, na watu wanakula. Chakula kinachochumwa Januari ili kiliwe Septemba kimepangwa. Kina muda wake, kina namna ya kutunzwa, kina mtu anayejua jani lipi likikaushwa linabaki na ladha na lipi linageuka kama majivu. Mtu aliyeshikwa na njaa leo haaniki cha miezi minane ijayo.

Atakayesema hayo ni ya Ugogo, nchi kavu, watu hawana namna, namwomba apande Lushoto. Milima ya Usambara ina mvua, ina mabonde ya kumwagilia, na malori yake hushusha kabichi, karoti na hoho katika masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Mwaka 1979 mwanaanthropolojia Anne Fleuret alichapisha utafiti kuhusu nafasi ya majani ya porini katika mlo wa watu wa Lushoto. Alikuta kwamba majani hayo, mchunga na mnavu na wenzao, yalikuwa mboga ya kawaida kabisa ya kaya, katikati ya wilaya inayolisha mboga miji ya wengine. Kabichi ilipanda lori, mchunga ukabaki jikoni. Mshambaa hakuwa mgeni wa kabichi. Aliijua bei yake sokoni, akaiuza, akala kile ambacho yeye mwenyewe anakiona kitamu. (Mimi mchunga unanishinda kwa uchungu wake, ukweli usemwe. Lakini nimeona watu wenye fedha zao wakiuagizia kwa nazi na wakigombania sufuria.)

Hoja yangu si kwamba hakuna chakula cha njaa. Kipo, na wanaokijua zaidi ni walewale wachumaji, ambao hawakichanganyi na mboga yao ya kila siku hata mara moja. Nenda Lindi na Mtwara. Huko kuna ming'oko, viazi vyembamba vya porini ambavyo akina mama huvichimba wakati wa kiangazi, wakavichemsha kwa chumvi na kuviuza kwa mafungu mpaka kwenye vituo vya mabasi. Mmakonde aliyehamia Dar es Salaam akipelekewa ming'oko na shangazi yake hufurahi kuliko angepelekewa mchele. Huko huko kuna ndiga, nayo ni jamii moja na viazi vikuu, lakini ina sumu. Hukatwa vipande, ikalowekwa kwenye maji kwa siku kadhaa, maji yakabadilishwa, ndipo iliwe, na kwa hofu. Anayekula ndiga anajua yuko kwenye shida na hatakukaribisha. Mimea miwili, pori moja, jamii moja ya mimea, na katikati yake kuna mpaka ambao kila bibi wa Newala anaujua. Mwandishi wa habari akifika na daftari lake anaandika yote mawili kwa jina moja: mizizi ya porini.

Wagogo wenyewe wana njaa wanayoikumbuka kwa jina, Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Haikuletwa na watu kutegemea pori. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalipita Ugogo yakichukua nafaka, ng'ombe, na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Mvua zilipokuja kukatika, ghala lilikuwa limeshafagiliwa na wa kulima hawakuwepo. Kula mizizi kulikuja mwishoni kabisa mwa mkasa huo. Kuiona mizizi hiyo kisha kusema pori ndilo alama ya umaskini ni kumkuta mtu ameshika ubao baharini na kuulaumu ubao kwa kuzama kwa jahazi.

Wahadzabe wa bonde la Yaeda na pembezoni mwa Ziwa Eyasi hutajwa sana katika mabishano haya, mara kama vioja vya watalii, mara kama ushahidi wa maisha magumu. James Woodburn, aliyeanza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950, alisema hawakutumia hata saa mbili kwa siku kujipatia chakula. Waliokuja baada yake walipinga hesabu hiyo na wakapata saa nyingi zaidi, na huenda wao ndio wenye haki. Mimi nashika jambo jingine. Mwaka 1964 serikali iliwakusanya wengi wao Yaeda Chini wawe wakulima, wapewe mahindi, shule na zahanati. Maradhi yakawapiga, watu wakafa, na waliobaki wakarudi kwenye mibuyu na viazi vyao vya porini. Waliijaribu tiba ya umaskini wao kama tulivyoiandika sisi, wakaiacha.

Sasa tuingie kwenye hofu ya sumu, maana hiyo ndiyo silaha inayotolewa hoja nyingine zikiisha. Uyoga unaua. Kweli, unaua, na asiyeujua asiuguse. Kwa hilo sibishani na mtu. Mnavu mbichi haufai, ndulele si ya kuchezea. Lakini tuwe waadilifu katika kupima. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, kuanzia Makueni hadi Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula chakula kimoja. Hakikuwa uyoga. Yalikuwa mahindi yaliyoota ukungu wa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu hiyo ikaua watu Dodoma na Manyara, kwa mahindi hayohayo. Tarime, mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wengi walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa uitwao konzo, uliotokana na mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa inavyopasa. Mahindi na mihogo hupandwa kwa mstari, huandikwa katika takwimu za wizara na yana maofisa wake. Baada ya vifo hivyo hakuna aliyesema tuache mahindi. Tulisema, na kwa haki, kwamba watu wafundishwe kuyakausha na kuyahifadhi. Kwa nini basi ndiga na uyoga visipewe jibu hilohilo: elimu? Elimu yenyewe ipo. Mwaka 2002 Christopher Ruffo na wenzake walitoa kitabu kizima cha mimea ya porini inayoliwa Tanzania, kila mmea na michoro yake, majina yake ya makabila na namna ya kuuandaa. Mwaka uliofuata Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake kutoka Ufini wakatoa kitabu cha uyoga wa Tanzania. Hebu tafuta vitabu hivyo katika shule ya msingi yoyote ya Manyoni.

Halafu kuna unafiki wa mjini, na hapa napata taabu kutumia lugha ya upole. Mtu yuleyule anayesema wa kijijini anakula majani kwa dhiki, akifungua Ramadhani anataka juisi ya ukwaju. Watoto wake wanatoka shule na midomo myekundu ya ubuyu. Akienda Zanzibar anaulizia juisi ya mabungo. Ukwaju, ubuyu na mabungo hutoka kwenye miti na mimea itambaayo ambayo kwa sehemu kubwa haikupandwa na mtu yeyote. Ubuyu unaofika Dar es Salaam umepandiwa juu ya mibuyu ya Kondoa, Mpwapwa na Mtera, ukaangushwa, ukaokotwa na akina mama na watoto, ukapasuliwa, ukatiwa kwenye magunia. Ukiwa mkononi mwa aliyeuokota ni chakula cha maskini. Ukishapanda basi ni bidhaa. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ulitoa kibali rasmi cha unga wa ubuyu kuingia katika soko lake, kama chakula kipya. Kipya! Tangu hapo tumeanza kuona vikopo vyenye picha ya mbuyu katika maduka ya Masaki kwa bei ambayo mwokotaji wa Mtera hawezi kuilipa.

Nisieleweke vibaya: siungani na wauza unga wa mlonge wanaodai kwamba unatibu magonjwa 300. Mlonge asili yake ni India, na anayedai jani moja linatibu kila kitu anauza kopo tu. Huyo na yule wa chakula cha njaa wanafanana kwa jambo moja, kwamba wote wawili hawataki kuiona mboga kuwa mboga.

Hadi hapa mtu anaweza kuniambia: sawa, tumewavunjia watu heshima, tutarekebisha maneno, yamekwisha. Hayajaisha. Rai hii ina gharama inayopimwa kwa hekta.

Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Mpango ulitaka kufyekwa kwa ekari zaidi ya milioni 3 za Afrika Mashariki na ya Kati ili Uingereza, iliyotoka vitani bila mafuta ya kupikia, ipate karanga. Waliipima ardhi ya Kongwa kwa haraka na walichokiona ni kichaka kisicho na kazi. Matrekta yakavunjika kwenye mizizi ya mibuyu na vichaka, udongo uliovuliwa nguo ukawa mgumu kama sakafu jua lilipouchoma, mvua zikaja kwa kipimo chake na si kwa kipimo cha London. Januari 1951 mradi ukafutwa, na pauni milioni 36 zikafutwa nao. Historia hiyo hufundishwa kama kichekesho cha wakoloni wasiojua kilimo. Inafaa ifundishwe pia kwa jambo la pili: ile mibuyu iliyovunja matrekta ilikuwa inazaa chakula wakati huohuo, na hakuna aliyeiingiza kwenye hesabu ya hasara.

Tumejifunza? Kisarawe, miaka zaidi ya hamsini baadaye, kampuni ya Uingereza ilipata hekta zaidi ya 8,000 kutoka katika ardhi ya vijiji zaidi ya kumi ili ipande mibono ya mafuta ya mitambo. Wanavijiji wakapoteza kuni, uyoga, mizizi ya dawa na matunda. Fidia, pale ilipofika, ilizungumzia ardhi na miti, haikuzungumzia mboga. Mwaka 2011 kazi ikasimama. Kilichobaki shambani kilikuwa mbono kaburi, mmea ambao mbegu zake hata mbuzi akizila zinamdhuru. Pori lililokuwa linalisha watu lilibadilishwa na mmea usiolika, kwa hoja kwamba pori lile lilikuwa halitumiki.

Hoja hiyo ina makao katika sheria. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, katika tafsiri yake ya ardhi ya jumla, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo, haina maneno hayo. Wanasheria wamebishana juu ya tofauti hiyo kwa miaka, na mimi si mwanasheria. Lakini swali la nani anaamua kwamba ardhi haitumiki si la kisheria peke yake. Ofisa anayeshuka kwenye gari mwezi wa Agosti, akaona vichaka vikavu visivyo na jembe wala nyumba, ataandika kwamba haitumiki, na ataandika kwa moyo safi. Angekuja Januari angewakuta watu wameinama humo na vikapu. Tukishakubali kwamba kuchuma ni dalili ya dhiki tu, ushahidi pekee wa matumizi unabaki kuwa jembe, ng'ombe na tofali.

Wapo wanaonipinga kutoka upande mwingine, na hao nawaheshimu zaidi. Wanasema: wachumaji nao wanaharibu. Mfano wao ni mzito. Katika nyanda za juu kusini, Makete, Mbeya, Sumbawanga, watu huchimba viazi vya okidi, vikavushwa mpaka hadi Zambia, ambako hutengenezewa chikanda, chakula kinachopendwa sana. Okidi ikichimbwa kiazi, imekufa. Mamilioni ya viazi yalikuwa yakivuka kwa mwaka, mabonde mazima yakamalizika, na hofu hiyo ni moja ya sababu zilizofanya uwanda wa Kitulo uwe Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Hili sikatai hata neno moja. Ila tuangalie ni nini hasa kilichotokea. Okidi zilichimbwa na kuliwa Nyanda za Juu kwa muda mrefu bila kwisha. Zilianza kwisha pale soko kubwa lilipofungua mdomo upande wa pili wa mpaka, na mchimbaji akawa anajaza gunia la mtu asiyemjua. Na kung'oa kiazi ni tofauti na kuchuma jani au kuokota tunda. Mgagani ukichumwa ncha unachipua matawi zaidi. Furu lililookotwa chini halijaupunguzia mti kitu. Anayetaka kuyapiga marufuku yote kwa sababu ya chikanda hajawahi kuuangalia mmea.

Na kinachoua miti ya matunda ya miombo, mikusu na mitonga na mibura ya Tabora, si mtoto mwenye kikapu. Ni mkaa, na ni mashamba ya tumbaku ambayo hukata miti mara mbili, mara ya kwanza kupata shamba na ya pili kupata kuni za kukaushia majani. Miti hiyo ina mizizi mirefu. Hunywa maji ya chini na kuzaa mwishoni mwa kiangazi au mvua zinapoanza, wakati ambao shamba halina hata jani. Makusu huiva kuanzia Oktoba. Ukiukata mkusu kupata magunia ya mkaa umeuza matunda ya kila Oktoba ijayo kwa fedha ya wiki moja.

Kuna suluhisho linalopendwa na wataalamu siku hizi: mboga hizi zilimwe. Kenya imefika mbali katika hilo. Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia alitumia miaka mingi kuthibitisha ubora wa managu, saga, mrenda na terere, akahangaikia mbegu zake, na leo mboga hizo zilizokuwa aibu kwa mgeni zinauzwa kwa mafungu katika supamaketi za Nairobi. Nafurahia kazi hiyo. Lakini isitumike kufunga mlango mwingine. Managu ya supamaketi inamfaa mwenye fedha ya kuinunua na mwenye maji ya kuimwagilia. Mjane wa Bahi mwenye ekari moja ya mtama hana bustani. Bustani yake ni yale yanayoota katikati ya mistari.

Na yale yanayoota katikati ya mistari sasa yana adui mpya, ambaye haongelewi kabisa. Ni dawa ya kuua magugu. Inauzwa mpaka kwenye vibanda vya vijijini, inarahisisha kazi, na sitamlaumu mkulima aliyechoka mgongo. Pigia shamba kabla ya kupanda na tena mahindi yakiwa machanga, na palizi imekwisha bila jembe. Pamoja nayo umemaliza mlenda, mgagani, mchicha pori na mnavu, kwa msimu huo na, ukirudia, kwa misimu ijayo, kwa sababu haikubaki mimea ya kuangusha mbegu. Kwenye hesabu ya mradi hiyo ni faida: magunia yameongezeka, saa za kazi zimepungua. Mboga iliyopotea haina safu katika jedwali. Mama aliyekuwa anachuma bure sasa ananunua kabichi, au analisha watoto ugali na maji ya maharage.

Takwimu za lishe zinaonyesha mahali tulipofika na hesabu za namna hiyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mikoa iliyoongoza haikuwa ile ya mlenda. Ilikuwa Iringa, karibu asilimia 57, ikifuatwa na Njombe na Rukwa zenye karibu asilimia 50 kila mmoja: ghala la mahindi la nchi. Sidai kwamba mnavu ungefuta udumavu wa Iringa. Sababu zake ni nyingi, kuanzia kazi nyingi za mama mpaka maji machafu. Nadai kwamba magunia ya mahindi peke yake hayakuuzuia, na kwamba yule anayetangaza usalama wa chakula kwa kuhesabu magunia hana haki ya kumdharau anayehesabu na majani.

Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana kesho. Tangu Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, vijiji huandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi. Ramani huchorwa, maeneo ya makazi, kilimo, malisho na misitu hupakwa rangi. Katika mikutano hiyo wazungumzaji wakubwa huwa wazee wa ng'ombe na vijana wa mashamba. Wapewe nafasi wanaochuma. Waulizwe kila kipande cha ardhi kinatoa nini cha kula, mwezi gani, na kwa nyumba ngapi. Iandikwe kwa majina ya kienyeji, kwa Kigogo au Kinyamwezi kama ndiyo lugha iliyopo, na iingie kwenye ramani kama yanavyoingia malisho. Bwana shamba anayekuja kufundisha dawa ya magugu aonyeshwe orodha hiyo kwanza, na aeleze atafanyaje. Mwekezaji naye akija, asiambiwe kwamba kuna eneo lisilotumika; asomewe, hekta kwa hekta na mwezi kwa mwezi, kile anachoomba kukichukua, halafu ataje bei.